Oili ya Gari la Mdogo Wangu

Nina wivu, na afadhali niseme mwenyewe kabla hajasema mke wangu. Si wivu wa mali, maana mdogo wangu hana mali ya kumwonea mtu wivu. Ana gari la aina ileile kama langu, mkonga wa dizeli wenye bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa, chakavu kama langu, na alilinunua baada yangu. Tofauti ni moja: lake halilii. Langu linalia. Na mama yetu, anayeishi Msanzi, macho yameanza kumsaliti lakini masikio yake ni mazima kabisa.

Kila mwezi lazima aje Sumbawanga mjini, kliniki ya macho. Mimi ndiye mkubwa, tena mimi ndiye wa kwanza kuwa na gari katika nyumba yetu, lakini siku ya kliniki ikikaribia humpigia simu mdogo wangu. Nilipomuuliza sababu hakunizungusha.

"Gari lako linapiga kelele, baba. Nikishuka, kichwa kinaniuma mpaka kesho yake."

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka, na wiki nzima sikuzungumza vizuri na mtu.

Asifikiri mtu kwamba nilikuwa mzembe. Asubuhi za Ufipa mwezi wa sita unawasha gari huku meno yanagongana, kwa hiyo injini niliitafutia oili ambayo ni nyepesi kwenye baridi na bado haigeuki maji nikiteremka Kipili kwenye joto la ziwa. Ile nzito, namba arobaini tupu, ambayo madereva wa zamani wanaiapia, niliwaachia wenyewe. Asubuhi inaamka kama uji wa jana. Maji ya breki niliyabadilisha kabla hayajawa meusi. Kwenye rejeta nilitia kulanti, si maji ya bomba. Kilichonishinda ni giaboksi. Ilivuma tangu gia ya pili, na fundi wangu alitia oili yoyote ya gia iliyokuwepo, akisema oili ni oili.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini nimuulize nani? Mdogo wangu? Kufunga nati nilimfundisha mimi, na leo watu wa mtaa wa Mazwi wanampelekea magari yao ayasikilize tu, kisha awaambie kinachoumwa. Nyuma ya gari lake hajaandika "Mwenye wivu ajinyonge", lakini kila aliponipita njiani mimi niliyasoma maneno hayo.

Jumapili moja nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kuwasalimia watoto. Nyuma ya jiko nikaona madumu matatu matupu ya oili ya gia, yamepangwa ukutani. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikasoma: GL, namba 5. Nilikunywa chai yake harakaharaka, nikaaga.

Dukani muuzaji aliniuliza, "Ya difu, mzee?"

"Ya kote," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo, akanipa. Nikamwaga oili ya zamani, nikajaza ile mpya kwenye difu zote mbili, ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kwenye giaboksi. Wiki ya kwanza kelele zilipungua kweli, nikampigia mama simu mimi mwenyewe.

"Mwezi huu nakuja mimi."

"Haya, baba," akasema, na nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Kabla siku hiyo haijafika, gia ya tatu ilianza kusaga. Mtu mwingine angesimamisha gari. Lakini kusimamisha maana yake ilikuwa kumrudishia mdogo wangu siku yangu, na hilo sikuliweza.

Nilifika Msanzi alfajiri. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akapanda mbele na kikapu chake. Kwenye kilima cha kwanza nikapunguza gia, ikasaga, kitu kikakatika ndani, na baada ya hapo hakuna gia iliyokubali kuingia.

"Mpigie mdogo wako," akasema mama.

Alikuja na kamba. Akaingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia, akasugua oili kidogo kati ya vidole. Ilikuwa na chembechembe za njano.

"Umetia ipi, kaka?"

"Namba tano. Nimeiona kwako."

"Ile ni ya difu. Giaboksi hizi za zamani zina ringi za shaba, zinataka namba nne. Namba tano inazila."

"Kwako nimeona namba tano tu."

"Madumu ya namba nne shemeji yako ameshayaosha, ameweka mbegu za maharage." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kaka, si ungeniuliza tu?"

Mama alihamia kwake na kikapu chake. Mimi nikashika usukani wa gari linalovutwa, nikila vumbi lao, nikitazama kilemba cha mama kupitia kioo cha nyuma cha gari lao. Mara kichwa chake kikaegemea upande wa mdogo wangu, mabega yakatikisika. Walikuwa wanacheka. Nilitamani kamba ikatike. Nilitamani mdogo wangu asimame, ahangaike, mama amwone na yeye akishindwa. Haikukatika, alikuwa ameifunga vizuri.

Kliniki tuliingia wote watatu, sisi wawili mikono ikiwa myeusi kwa grisi. Nesi akamuuliza mama ameletwa na nani.

"Wanangu," akasema mama.

Nesi akaandika. Mdogo wangu akatabasamu, jibu lilimtosha. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, niliendelea kusimama pale ukutani nikisubiri amtaje mmoja.