Chumba cha Tisa Kikiingia Giza

Saa mbili na nusu asubuhi. Mwanga unaondoka chumbani taratibu, kwanza ukutani, kisha kwenye kioo, kisha juu ya godoro. Mwanamke aliyeinama na shuka mkononi hainui hata uso. Anakunja pembe, anaichomeka chini ya godoro, anaipiga kwa kiganja mara mbili.

"Tumefika penye wembamba," anasema. "Na mimi niko chumba cha tisa. Leo kazi inakwenda."

Hiyo ndiyo saa yake. Meli hii ya watalii ina vyumba ishirini na sita, na korongo ambalo mto unapita ndani yake lina mahali pembamba ambapo kuta za mawe huziba jua kwa dakika nne. Giza likimkuta chumba cha tisa, mambo ni shwari. Likimkuta cha saba amechelewa, na chakula cha mchana atakila amesimama.

Wenzake humwita Mama Shuka. Ana miaka arobaini na minane, na kumi kati ya hiyo ameimaliza humu ndani. Kila safari hutandika shuka hamsini na mbili, hukunja taulo mia moja na nne, na hupanda ngazi za chuma ambazo goti lake la kushoto linazijua moja moja. Lakini korongo lenyewe, ambalo watu hutoka mbali kuja kulitazama, alikaa miaka yote hiyo bila kuliona.

Si kwamba kuna aliyemfungia. Meli hupita korongoni kwa saa mbili, na wageni wote hupanda sitahani kutazama. Vyumba vikibaki vitupu ndipo vinapotandikwa.

"Macho hayana pazia, lakini yangu yana kazi," anasema huku akicheka. "Nilikuwa naliona vipande vipande. Kipande kwenye dirisha la chumba cha pili, kipande kwenye la chumba cha sita. Jiwe jekundu, maji yanachuruzika, basi, nageuka kuchukua foronya."

Kwa hiyo akajizoesha kuuliza. Wageni wakishuka humkuta kwenye ujia na ndoo yake, na swali ni lile lile: "Haya, umeona nini?"

Mfanyabiashara mmoja alimjibu kwamba hakuona kitu, alikuwa kwenye simu. Safari ya kurudi alishuka ngazi mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani, kuja kumwambia kuna ndege wanajenga viota kwenye nyufa za mawe. Maharusi wawili walibishana mbele yake kuhusu maporomoko, yapo mawili au matatu, mpaka akawaamua. Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alimwambia aliketi benchini akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, na kuta zilipokaribia akajikuta anasema "tazama" peke yake. Kwa huyo, Mama Shuka aliacha maji ya ndoo yapoe, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wageni wamenipa vingi," anasema. "Kuna waliokuwa wanatazama kwa bidii kwa sababu wanajua nitawauliza. Nawashukuru wote, hata yule wa simu."

Swali lenyewe hakulitunga yeye. Ni la dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye amemlelea watoto watatu tangu Mama Shuka alipofiwa na mume. Mama Shuka hukaa siku kumi mtoni na siku nne nyumbani, na kila akifika mlangoni, kabla hajavua viatu, dada humwuliza: "Haya, safari hii umeona nini?"

Mara ya kwanza alikuwa amechoka, na watoto walikuwa wamemkodolea macho. Angewaambiaje kwamba ameona shuka? Akawapa maneno aliyoyasikia kwa wageni ujiani, ila mwanzoni akaweka "nimeona". Safari iliyofuata akawauliza wageni mwenyewe, akaongeza. Wakapenda ndege wa nyufani, wakapenda maporomoko, lakini zaidi wakalipenda jiwe ambalo mgeni mmoja aliliita Mama Aliyeketi, kwa kuwa linafanana na mwanamke aliyempakata mtoto. Kitindamimba alikuwa halali bila hadithi ya jiwe hilo.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," anasema. "Yangu ilifika miaka kumi."

Ingeendelea, lakini kampuni ina desturi: mfanyakazi akitimiza miaka kumi, ndugu yake mmoja husafiri bure kama mgeni. Mama Shuka aliandika jina la dada bila kufikiri mara mbili. Jasho lilimtoka baada ya kuikabidhi fomu. Dada angekaa sitahani, angesema nionyeshe Mama Aliyeketi, na yeye hajui kama yuko kulia au kushoto.

Akamwomba msimamizi wa vyumba saa mbili tu za kupanda juu. Msimamizi si mtu mbaya. Ila alimwuliza, "Mama, nani atatandika?" na yeye akarudi kwenye shuka zake.

Siku hiyo mwalimu mstaafu wa chumba cha tano alirudi kuchukua miwani, akamkuta Mama Shuka ameketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wahudumu hawaruhusiwi kulifanya. Aliruka kusimama na kuomba radhi.

"Kaa," mwalimu akamwambia. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema kilichokusibu."

Akasema. Wakati wa chakula cha jioni mwalimu aligonga glasi kwa kijiko, akawatazama wageni kama darasa la nne, akawaeleza la kufanya, na kesho yake asubuhi, kabla ya korongo, kila mgeni alitandika kitanda chake.

"Walitandika vibaya jamani!" Mama Shuka anajifuta macho kwa kucheka. "Chumba cha nne shuka imelala upande. Cha kumi na mbili wameweka blanketi chini, shuka juu. Na msimamizi ndiye aliyebeba kapu la nguo chafu!"

Yeye akapanda na aproni yake. Wakampisha mbele kabisa. Giza lilipoingia, anasema, mikono yake ilianza yenyewe kutafuta foronya. Ndipo akainua uso.

"Nililia, sioni haya kusema. Yote waliyonisimulia yalikuwepo. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mawe yale yanatoa baridi, unaisikia mpaka shingoni."

Mama Aliyeketi tu ndiye hakuonekana. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto, mpaka meli ikatokea juani. Mshika usukani, ambaye mlango wake ulikuwa wazi na alimsikia akiliulizia jiwe hilo, akamwuliza: "Aliyekusimulia alikuwa anapanda mto au anashuka?" Hakujua. "Basi geuka nyuma."

Akageuka. Goti, bega, na mtoto mapajani. Kumbe siku zote jiwe huwapa mgongo wanaopanda.

Sasa alikuwa ameona, angeweza kunyamaza. Badala yake, meli ilipofika bandarini alimpigia dada simu akamweleza kila kitu. Upande wa pili cherehani ikasimama. Kisha akasikia kicheko.

"Mdogo wangu, nilijua tangu mwaka wa pili. Mtu anayekiona kitu kila siku hakisimulii vizuri namna ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kusimulia. Watoto wangelala na nini?"

Dada atasafiri mwezi ujao, meli ikiwa inashuka mto, ili Mama Aliyeketi amtazame usoni. Amepangiwa chumba cha tisa, Mama Shuka mwenyewe ndiye aliyekiomba. Ruhusa nyingine ya kupanda juu hajaiomba. Asubuhi hiyo atakuwa chini kama kawaida, akikitandika kitanda cha mtu aliyewatandikia wanawe kwa miaka kumi, na chumba kikiingia giza atajua dada yake yuko juu ameinua uso.

"Akishuka atanikuta mlangoni na ndoo yangu," anasema, akiipiga shuka kwa kiganja mara mbili. "Nitamwuliza ameona nini. Halafu nitakaa kitandani, waniruhusu wasiniruhusu, nisikilize."