Tisini na Tano

Maji ya rejeta yakichemka hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Wenzangu wakiinusa barabarani hupandisha vioo. Mimi huwa na miaka kumi tena, nimeketi mbele ndani ya gari la baba.

Gari lile lilikuwa kuukuu, na geji yake ya joto ilikufa kabla hatujalinunua. Mara mbili injini ilichemka, tukajua tu tulipoona moshi. Jumamosi moja, nyumbani kwetu Kitengela, baba akaleta geji mpya na kuifunga mwenyewe. Alikata paipu ya juu ya rejeta, akaingiza kipande cha chuma chenye sensa ya kupima joto, akakaza klipu mbili hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Waya ulikuwa mfupi, haukufika upande wa dereva, basi geji ikafungwa upande wa abiria, mbele ya magoti yangu.

"Macho yangu ni ya barabara, Naserian," aliniambia. "Yako ni ya huo mshale. Ukifika mia moja na kumi, sema, nisimame. Ukipita hapo injini imekwisha."

Nilijiona mkubwa kuliko mama.

Kesho yake tukaenda kwa kokoo, nyanya yetu, upande wa Namanga. Alasiri ndugu yangu Lemayian, wa miaka minne, akapiga yowe kule kwenye kuni. Mama alipomfikia, nyoka alikuwa anajipenyeza chini ya magogo, na mguu wa mtoto ulikuwa na alama mbili.

Hatukuaga. Mama alikaa nyuma na Lemayian mapajani, baba akaelekea hospitali ya Kajiado. Jua lilikuwa kali, na barabara inapanda.

"Iko ngapi?"

"Tisini." Ilikuwa kweli.

Nyuma mama alikuwa akiomba kwa Kimaa, kwa sauti ya chini, akirudia jina la mtoto. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Kisha Lemayian akaacha kulia, na kimya kile kilinitisha kuliko kilio.

"Iko ngapi?"

Mshale ulikuwa umegusa mia moja na kumi. Nilijua tukisimama itabidi tungoje injini ipoe, na hapo palikuwa na miiba na mbuzi tu.

"Tisini na tano, baba."

Akakanyaga mafuta.

Aliniuliza mara mbili zaidi. Mara zote nilisema tisini na tano, huku mshale umelala mwisho kabisa wa sehemu nyekundu. Injini ilizimika karibu na lango la hospitali. Baba akamchukua Lemayian mikononi na kukimbia.

Ndugu yangu alipona, ingawa alikatwa kidole kimoja cha mguu. Gari halikupona. Fundi alisema kichwa cha injini kimepinda, na mwaka mzima baba alikwenda kazini kwa miguu. Kila asubuhi nikisikia lango likifungwa nyuma yake, nilijifunika blanketi kichwani. Kokoo alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, maana sikumwambia mtu hadi nilipokuwa mama wa watoto wawili.

Mwaka jana nilikuwa nampeleka baba Kajiado, mimi ndiye dereva, nikamwambia.

"Nilikuwa naiona ile geji," akasema.

"Sasa mbona ulikuwa unaniuliza?"

"Niliogopa. Tukiendelea, gari lingeweza kufa porini na mtoto ndani. Tukisimama, mtoto angeweza kufa pia. Nilitaka mtu aniambie twende."

Miaka yote ile nilidhani nimemdanganya baba yangu. Kumbe tulikuwa wawili tuliojua, na mkubwa kati yetu alikuwa akingoja kuambiwa na mdogo.