Aliyeshika Nyuma ya Raki

Najua utakachosema ukimaliza kusoma. Utasema fundi alikuwa amechoka, au alivuta hewa ya betri akaanza kuona mambo. Sema tu. Hata mimi ningesema hivyo kama kisa hiki kingekuwa cha mtu mwingine. Kazi yangu ni kupima, na kitu nisichoweza kukipima huwa nakiacha kando. Hiki sikukipima. Lakini nilikifanyia kazi kwa mikono yangu miwili, na kilichobaki kimefungwa pale pale mpaka leo.

Nieleze kazi yenyewe kwanza, maana bila hiyo hutaelewa. Chini ya minara mingi ya simu kuna chumba kidogo kisicho na dirisha. Ndani yake husimama fremu ya chuma iliyo wazi mbele na nyuma, sisi tunaiita raki. Mitambo hupangwa humo kama droo, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umekazwa kwa skrubu. Mzito kati yao ni rektifaya, ule unaopokea umeme wa kawaida na kuugeuza uwe wa kulisha mitambo mingine. Huo haufungwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nyuma ya raki akiubeba kwa viganja, mwenzake hukaa mbele na bisibisi. Wa mbele husema "shika", wa nyuma anabeba. Skrubu zikikaa, wa mbele husema "achia", na hapo tu ndipo wa nyuma anatoa mikono. Mgongo uume, simu ilie, huachii mpaka uambiwe. Na anayekuambia uachie ni yule yule aliyekuambia ushike. Mimi ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kufungua vitu vilivyoharibika, na sheria hii sijaiona katika kitabu chochote. Lakini mafundi wote wanaijua, kwa sababu asiyeifuata humvunja mwenzake vidole.

Basi tulitumwa kufufua chumba kilichokuwa kimefungwa kwa miaka, nyuma ya uwanja wa malori, kati ya Malaba na Amagoro. Mwenzangu alikuwa Barasa, mtu mnene, mcheshi, anayetania hata polisi wa barabarani. Asubuhi ile alikuwa kimya tangu tulipotoka Busia. Nikadhani ni tumbo.

Nje ya ua wa seng'enge palikuwa na kibanda cha chai. Nilikishangaa. Malori yalikuwa yamejipanga upande wa pili, na huko ndiko madereva na matanboi, wasaidizi wao, walikokuwa wakinywa chai na kubishana kuhusu foleni ya mpaka. Huku nyuma hapakuwa na mteja hata mmoja. Ni nani anayefungua biashara mahali pasipo na watu?

"Fundi, karibu chai," mama mwenye kibanda akaniita.

"Asante, mama. Tukimaliza."

"Mnafungua hiyo nyumba leo?"

"Ndiyo, tunaifungua."

Akafuta mikono kwa leso, akasogea mpaka kwenye seng'enge. "Basi naomba kitu moja. Nipee dakika kidogo niingie. Kijana yangu Ekisa alikuwa fundi kama nyinyi. Alifia hapo ndani, stima ya waya ilimshika. Tulikuja kumwita, wakubwa wa mnara wakasema hatuna kibali. Tukamwita tukiwa hapa nje. Hakutoka."

Nilimwelewa. Huku kwetu, kwa wengi, mtu akifa ghafla mbali na nyumbani, kuzika mwili peke yake hakutoshi. Watu wake huenda mpaka pale alipoangukia, humwita kwa jina, huchukua udongo wa mahali hapo na kuondoka naye bila kugeuka. Asipoitwa, hubaki. Nilikuwa nikiliheshimu jambo hilo kama mila, si kama ukweli. Nikamwambia, "Pole sana, mama. Lakini hata mimi sina ruhusa ya kuingiza mtu."

"Najua," akasema. "Mimi nitangoja. Nimezoea."

Niliporudi kwenye pikapu nilimkuta Barasa bado amekaa ndani, kofia imefunika uso. Hakushuka mpaka yule mama alipoinama kuchochea moto.

Tulianza na waya wa ardhini, ule wa shaba unaotoka ukutani na kuingia kwenye udongo ili umeme ukipotea njia uende chini badala ya kumwendea mtu. Kwa macho ulikuwa mzima. Fundi mwingine angeangalia akaendelea, na hilo ndilo kosa letu kubwa katika kazi hii: tunaamini waya kwa sababu tunaona unaingia ardhini. Mimi huuvuta. Nilipouvuta ulinifuata mkononi, kipande kifupi tu. Wezi wa shaba walikuwa wamekata uliobaki chini, halafu wakaisukuma ncha kwenye udongo ili isijulikane.

Barasa alikitazama kile kipande kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kitandani. "Kumbe ulikuwa hivi," akasema. "Kumbe siku zote ulikuwa hivi."

"Siku gani?"

"Wacha tu, mzee."

Tukazika fimbo mpya ya shaba, nikapima, nikaridhika. Kisha ikagundulika kwamba vyuma vya pembeni vya raki vilikuwa vimesahaulika Busia. Nasema ikagundulika, lakini aliyevipakia ni Barasa.

"Boss, naenda kuvileta mbio," akasema, tayari akiwa na ufunguo wa gari.

"Twende pamoja basi."

"Na vifaa atachunga nani? Wewe pumzika." Akaondoka bila hata kuukanyaga mlango wa chumba.

Mchana uliposonga, mvua ikatokea upande wa Uganda. Kwanza mwamba wa Tororo ukapotea, halafu malori, halafu kibanda. Upepo ukaufunga mlango, nikabaki na tochi ya kichwani, kwa maana umeme tulikuwa hatujauunganisha. Maji yakaanza kupita chini ya mlango. Rektifaya ilikuwa sakafuni, ndani ya boksi la karatasi.

Ungefanya nini wewe? Kuuacha mtambo mpya unywe maji? Niliupandisha juu ya sanduku la vifaa, kisha juu ya masanduku mawili, nikauinua kwa kifua mpaka kingo zake zenye matundu ya skrubu zikagusa nguzo za raki. Nilikuwa naushikilia kwa goti na mkono mmoja, mkono wa pili unatafuta skrubu mfukoni. Ndipo upande wa nyuma ukaanza kuinama. Sikuwaza. Nikasema kwa mazoea, "Shika!"

Uzito ukaondoka.

Mtu anaweza kudanganywa na macho, hata na masikio. Lakini mgongo uliobeba mzigo unajua mzigo ukipokelewa. Mtambo ulikaa sawa kabisa, umetulia, kama ninavyopenda ukae. Nikafurahi. Nikasema, "Umerudi haraka, Barasa."

"Anza na ya juu," sauti ikajibu kutoka nyuma ya raki.

Nikaanza na ya juu. Katikati ya nguzo, mwanga wa tochi ulionyesha viganja viwili chini ya mtambo, na mikono ya ovaroli ya bluu. Sisi tulivaa ya kijivu. Hilo nililiona, lakini akili haikulifikia. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi. Nikadhani grisi. Nilikaza skrubu moja baada ya nyingine, na kila nilipoteleza mtambo ulisogezwa kidogo kunisaidia, kama anavyofanya mtu anayeijua kazi.

Simu ikalia. Nikaipokea kwa bega.

"Mzee," Barasa akasema, "mvua ni mob, haikatiki, bado niko Busia. Malori imefunga barabara. Usijaribu kuinua hiyo kitu peke yako."

Nilikuwa natazama vile viganja.

"Nimeshika," sauti ikasema kwa upole. Halafu tena, "Nimeshika."

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Nakumbuka niko kibandani, nimelowa, na yule mama ananiwekea kikombe mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa havifungi vyenyewe.

"Umemwona," akasema. Hakuuliza.

"Nimemwona mikono."

"Iko aje?"

Nilishindwa kumwambia mama habari za ncha za vidole. "Ameshika mtambo," nikasema. "Anashika vizuri."

"Fundi. Sasa bado nahitaji kibali?"

Nikatoa ufunguo wa chumba. Ningesema nini kingine?

Mvua ilikuwa imepungua tulipoingia. Viganja vilikuwa pale pale. Mama alisimama mbele ya raki akamwita mwanawe kwa Kiteso, kwa jina lake, kwa jina la babu yake, na kwa jina lingine ambalo nadhani alimwita alipokuwa mdogo. Kila alipoita, pumzi ilisikika kule nyuma, nzito, pumzi ya mtu aliyebeba. Hakuna kilichosogea.

Nikakumbuka sheria yetu. Mimi ndiye niliyemwambia ashike. Nikasema, "Achia."

"Yako nimeachia," sauti ikajibu. "Kuna mwenye aliniambia nishike kabla yako."

Mama alikaa chini, kwenye maji, mgongo ukutani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ni nani?" Nami nikaukumbuka ule waya wa shaba, na maneno ya Barasa.

Nikamweleza mama, tukamngoja Barasa. Tulikaa mlangoni mpaka jioni tukisikiliza ile pumzi. Ningeweza kuondoka, lakini kumwacha mtu amebeba nikaenda zangu ni jambo ambalo mwili wangu ulilikataa. Pikapu ilipoingia, Barasa aliuona mlango uko wazi na mama amesimama hapo, akazima injini na kukaa na mikono kwenye usukani.

"Shuka, kijana," mama akasema. "Ni wewe ulikuwa mbele."

Barasa akashuka. Ule unene wake wote ulikuwa umelegea. "Mama, sikujua waya imekatwa. Mtu aliwasha stima tukiwa tunafunga. Mimi nilitupwa huku, yeye akabaki ameshikwa. Nilikimbia nikazime swichi huko nje. Mama, haki, nilikuwa naenda kuzima. Miguu ikanipitisha lango."

"Wengine waliizima," mama akasema. "Mtoto yangu akiwa amenyamaza tayari. Sijakuita hapa kwa hiyo. Ulimwambia shika?"

"Nilimwambia."

"Basi mwambie ile ingine."

Barasa aliweka mguu mmoja ndani ya kile chumba. Akaurudisha nje. Akauingiza tena, akasimama kizingitini. Kule nyuma sauti ikasema, bila hasira yoyote, kama mtu wa kazini anayemkumbusha mwenzake, "Barasa, nimeshika."

Barasa akapiga magoti. "Achia, Ekisa," akasema. "Achia, ndugu yangu. Imekaa."

Mtambo ukashuka kiasi cha unene wa ukucha, skrubu zikalia, zikaupokea uzito. Hapakuwa na viganja tena.

Mama alikung'uta leso yake. Sakafu ya simiti haina udongo, kwa hiyo aliipangusa kwa leso pale nyuma ya raki, akaifunga leso fundo, akaishika kifuani. Alipita kati yetu bila kutuangalia, akaita jina la mwanawe mara moja, akashika njia ya Amagoro. Hakugeuka. Kibanda alikiacha na moto ukiwaka na sufuria juu yake.

Nilikutana naye baadaye katika soko la Amagoro, akinunua dagaa. Nilimsalimia, akaniambia neno moja tu: "Alifika." Barasa aliacha kazi hii. Ana kibanda cha kuchaji simu pale Bumala, ameanza kutania watu tena, lakini ukimpa kitu kizito akushikie hukiweka chini kwanza.

Na sasa yale mawili ambayo bado yananisumbua. La kwanza: tulipokuja na wakaguzi kukabidhi kazi, walikuta rektifaya imefungwa mbele kwa skrubu zangu, na nyuma kwa skrubu nyingine, za shaba ya njano, za aina ya zamani tusiyopewa tena. Nyuma ya raki ile hakuna nafasi ya bisibisi ukiwa umebeba. Wakaniuliza nani alinishikia, kwa sababu mtu mmoja hawezi. Nikasema mwenzangu. Sikudanganya. Skrubu hizo ziko pale pale, na hakuna aliyethubutu kuzitoa.

La pili lilitokea mwaka jana, kwenye chumba kingine kabisa, upande wa Busia, ambapo sijasikia kwamba kuna mtu aliyewahi kufa. Nilikuwa peke yangu, betri ikaniteleza, na neno likanitoka kabla sijalizuia. Betri ikawa nyepesi. Sikutazama nyuma ya raki. Nilisema "achia" papo hapo, nikaupokea uzito wote kwa mapaja yangu, na alama yake ninayo.

Kwa hiyo nakuambia, uwe fundi au usiwe. Ukimwambia mtu ashike, usiondoke kabla hujamwambia aachie, hata kama nyumba inaungua. Na ukiwa peke yako katika chumba kisicho na dirisha, kitu kikianza kukuponyoka, kiache kianguke. Usimwambie yeyote ashike. Hujui ni nani amekuwa amesimama hapo akingoja kuambiwa.