Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

Nakumbuka siku ile gerejini Chang'ombe tulikuwa watu watano, na nitawataja wote, maana kila mmoja ana sehemu yake. Alikuwapo Mzee Mbaruku, mwenye gereji, aliyemfundisha kazi baba yangu na baadaye akanifundisha mimi. Alikuwapo Fundi Chilumba, mtu wa Newala, mwenye mikono mipana na mdomo usiopumzika. Alikuwapo Bwana Hemedi na pikapu yake ya bluu. Alikuwapo mdogo wangu Rehema, ambaye leo ni mama yako. Na nilikuwapo mimi, mama yako mkubwa, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mashine mpya mkononi.

Mwanangu, juzi uliniuliza kati ya zile mashine za betri za kufungulia nati ulizoziona dukani, ununue ipi. Sikukujibu. Ukadhani nimezeeka, sizijui hizi za sasa. Nazijua. Nilinyamaza kwa sababu swali lako lilinirudisha mahali ambapo sipendi kurudi. Sasa kaa, nikujibu.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la saba, na mama alikuwa ametangulia. Nyuma yangu walikuwa watatu, Rehema mkubwa wao. Nikaacha shule, nikabeba sanduku la vifaa vya baba na kwenda kusimama mbele ya Mzee Mbaruku. Sikumwomba msaada, nilimwomba nafasi ya baba. Akasema, "Sanduku liweke pale lilipokuwa." Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa hata mvua ikinyesha na mteja akipiga kelele. Tuliiita mkono wa pili. Gurudumu likishafunguliwa na kufungwa, gari haliondoki mpaka fundi mwingine, si yule aliyefunga, apite na spana ndefu ya magurudumu, aguse kila nati, kisha aweke alama ya chaki kwenye rimu. Aliyefunga husimama kando, mikono nyuma, akingoja.

Niliichukia sheria hiyo. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, mwembamba, na kila nilipofunga gurudumu alikuja Chilumba na spana yake ndefu, akiguna na kutikisa kichwa hata kama nati haikusogea. "Dada, hii umeifunga au umeibembeleza?" angesema, na wateja wangecheka. Alikuwa akitania tu. Lakini mimi nilikuwa nalea watoto watatu kwa mikono ileile aliyokuwa akiitania, na utani ule uliniingia vibaya. Nikaamini kwamba mkono wa pili ulikuwa kwa ajili yangu, kuwakumbusha watu kuwa mkono wangu hautoshi.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu vilianza kushuka bandarini kila wiki. Ndipo nikasikia kwamba kule Kurasini, karibu na yadi za makontena, kuna kijana anaitwa Sudi anauza mashine za nati zinazotumia betri, zilizotumika Japani, zikapitia Dubai. Hazina mpira wa upepo wala kompresa. Unabonyeza tu. Sikulala vizuri siku nilipoisikia habari hiyo.

Nilimuaga Mzee Mbaruku kabla ya kwenda. Hakunikataza. Alisema, "Usiijaribu kwenye nati ya dukani. Ijaribu kwenye nati iliyokula vumbi na kutu. Na usiijaribu ikiwa imeshiba chaji, ijaribu ikiwa na njaa."

Sudi alikuwa na mbili. Ya kwanza nzito, imechubuka kila mahali, ina betri mbili na mzunguko wa polepole. Niliijaribu kwenye tairi la lori lililoegeshwa nje. Ilinguruma, ikagonga, ikanyamaza kidogo, ikagonga tena, na nati ikaachia. Ya pili ilikuwa nyepesi, ya njano, betri moja, inazunguka kama feni. Sudi aliijaribu kwenye nati aliyoifunga kwenye ubao pale mezani. Ikaingia na kutoka kabla sijapepesa jicho.

"Sista, ukibonyeza hii hata lori linakuamkia shikamoo," akasema.

"Tuijaribu nje basi, kwenye tairi."

"Aa, betri ndiyo kwanza nimeitoa kwenye chaji, tutaimaliza bure. Wewe ishike tu. Umeona? Kama imetengenezewa mkono wako."

Ilikuwa kweli imekaa vizuri mkononi. Nami nilikuwa nimetamani kwa miaka minane kitu chochote kiseme hivyo kuhusu mkono wangu. Nikaichukua ya njano. Kasi yake niliidhania kuwa nguvu, na kelele yake nikaidhania kuwa kazi.

Chaja yake ilitaka umeme mdogo wa huko ilikotoka, kwa hiyo Sudi alinipa na transfoma iliyokuwa ikichemka kama pasi. Na huo ulikuwa wakati wa mgao. Ijumaa, kuamkia Jumamosi ninayokusimulia, umeme ulikatika jioni ukarudi alfajiri. Betri ilipata saa chache tu. Taa ya chaja ilikuwa bado nyekundu nilipoichomoa, lakini nilipobonyeza ilizunguka vizuri, nami nikaridhika.

Asubuhi hiyo Bwana Hemedi alileta pikapu yake tubadilishe bitana za breki za mbele. Alikuwa na haraka. Mpwa wake alikuwa anaolewa Kigamboni, na akitoka kwetu angepitia nyumbani kwake Keko kuwachukua mama yake, mkewe na watoto, kisha awahi pantoni ya kuvukia maji. Rehema alikuja na mkoba wake wa hina, maana alikuwa na mkono mzuri wa kuchora, na Bwana Hemedi ndiye angempeleka kwa bi harusi. Mzee Mbaruku alikuwa ametoka kwenda duka la spea, hatua chache kutoka pale.

Nilifunga gurudumu la kulia kwa mashine, kisha la kushoto, nati tano kila moja. Trrr, trrr, trrr. Chilumba akaja na spana ndefu. Nikasimama kati yake na gurudumu.

"Leo hapana," nikamwambia. "Mashine haihitaji mkono wa pili."

Alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akatazama njia aliyopita Mzee. "Dada, mie simo. Mzee akirudi, mie simo."

"Nani kakuingiza?"

"Haya, Mama Mashine." Akaniachia nafasi.

Halafu, mwanangu, nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikiona chaki linanijia. Niliokota chaki nikaweka alama ya mkono wa pili mimi mwenyewe, kulia na kushoto. Bwana Hemedi aliona alama, akaridhika, maana wateja wote waliijua. Rehema alipanda mbele, akanipungia mkono, wakaondoka.

Vumbi lilikuwa bado halijatua Mzee aliporudi. Akamuuliza Chilumba, "Umempitia Hemedi?"

"Mie simo, Mzee," Chilumba akasema.

"Chaki ya nani ile niliyoiona kwenye rimu gari liliponipita?"

"Mashine imefunga, Mzee," nikasema. "Imefunga barabara."

Hakupaza sauti. Alinionyesha gari dogo lililokuwa juu ya jeki, gurudumu limetundikwa bila kukazwa. "Funga lile."

Nikafunga nati zote. Trrr, trrr, sauti ileile, kali kama ya asubuhi. Akalishusha gari, akanipa spana ndefu. "Sasa jipitie."

Niliweka spana kwenye nati ya kwanza na kuivuta kwa mkono mmoja, nikitarajia igome. Ikazunguka nusu mzunguko. Ya pili hivyohivyo. Sauti haikuwa imepungua hata kidogo, lakini ndani yake hakukuwa na kitu. Niliikaza nati ya tatu huku najua. Kwenye pikapu, la kulia nilianza nalo betri ikiwa na nafuu. La kushoto lilikuwa la mwisho.

"Kapita wapi?" Mzee akauliza.

"Keko. Halafu pantoni. Mzee, Rehema yumo."

Kulikuwa na pikipiki ya mteja imekamilika tangu jana yake. Chilumba alikuwa ameshaiwasha. "Panda," akasema, na siku hiyo hakuongeza neno. Nikakaa nyuma, spana ndefu nimeipakata mapajani.

Keko jirani mmoja alituambia wameondoka zamani, wamejaa, bibi kakalishwa nyuma kwenye godoro. Tukashika barabara ya Kurasini. Kila pikapu ya bluu niliyoiona mbele nilidhani ni yao. Nilikuwa natazama mitaroni, mwanangu. Nilikuwa natafuta gari lililolala ubavu, na kila mtaro uliokuwa mtupu nilimshukuru Mungu kisha nikatazama unaofuata. Karibu na yadi za makontena trela lilikuwa linarudi kinyumenyume, limeziba barabara yote. Utingo alitupungia tusubiri. Chilumba alipanda na pikipiki juu ya tuta, tukapita kati ya ukuta na tairi za trela, goti langu likachunika. Sikuhisi. Nilikuwa nafikiria ule mteremko wa kuingilia pantoni, breki zinavyokanyagwa pale, na maji yaliyo mbele.

Tuliwakuta Magogoni, gari la tatu kwenye foleni. Pantoni ilikuwa inakaribia. Watu walikuwa wameshashuka ili wapande kwa miguu, isipokuwa mama yake Bwana Hemedi ambaye hakuweza kutembea, na Rehema aliyekuwa amebaki nyuma amemshikilia.

Niliruka, nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Nati moja haikuwapo. Mbili nilizizungusha kwa vidole. Mbili zilizobaki ndizo zilizokuwa zimebeba kila mtu kutoka Keko hadi pale.

Bwana Hemedi akashuka. "Vipi, fundi? Nimesahau nini?"

Chilumba alinitazama. Ilikuwa ni mimi wa kujibu. Na nikajibu, "Mzee kanituma. Kuna nati mbovu zimeingia mjini, tunakagua magari yote tuliyoyafunga wiki hii."

Uongo ule ulitoka bila kukwama. Nilikaza nati nne kwa mkono, uzito wangu wote juu ya spana, nikaazima moja kutoka gurudumu la nyuma, kisha nikapita magurudumu yote manne, na Chilumba akapita nyuma yangu. Bwana Hemedi alipoiona sehemu ya nati iliyokosekana akashika kichwa. Mama yake akaniita nisogee, akanishika uso kwa mikono yake miwili. "Umetuokoa, binti. Mungu akuzidishie."

Nikasema amina.

Rehema alikuwa akitazama vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa na chaki. Alikuwa akiniletea chakula gerejini miaka yote ile, sheria ya mkono wa pili aliijua vizuri. Hajawahi kuniuliza mpaka leo.

Tuliporudi, Mzee alikuwa amekaa juu ya sanduku la baba. "Umemwambia?"

"Nimezikaza zote, Mzee."

"Sikukuuliza habari ya nati."

Akainuka, akanipeleka kwenye gari alilofunga yeye mwenyewe jana yake. "Hii alama ya nani?"

"Yangu."

"Miaka minane unapita nyuma yangu na spana. Umewahi kukuta nati yangu imelegea?"

Nikasema ndiyo, mara mbili au tatu.

"Ukanidharau?"

"Hapana, Mzee. Nilikaza tu."

"Basi kwa nini ulidhani Chilumba akija kwako anakuja kukudharau?" Akaokota ile mashine ya njano, akaniwekea mkononi taratibu. "Kitu hiki hakina kosa. Ulikichagua kisimame mahali pa watu. Na Hemedi utamwambia mwenyewe, hilo silibebi mie."

Sasa jibu lako, mwanangu. Mashine za siku hizi zina nguvu kweli, nyingine zina nguvu mpaka zinakata boliti. Lakini muuzaji hajabadilika, bado atakuonyesha kasi na kelele. Mwambie atoke nje mkaijaribu kwenye gurudumu lililotembea barabarani. Iache ifanye kazi mpaka betri ianze kuchoka, kisha funga nati na uipime kwa spana ya mkono, hapo ndipo utaijua. Uliza kama betri yake inapatikana peke yake, na chaja yake inataka umeme gani. Ishike kwa muda wote wa kufunga gurudumu zima, siyo kwa nati moja. Ukiipata, inunue na uifurahie, itakupunguzia maumivu ya mgongo ambayo mimi ninayo. Ila ikishamaliza kazi yake, mwite mwenzako apite na spana. Usimame kando, mikono nyuma, wala usione haya. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajakushukuru. Akishakushukuru inakuwa vigumu sana.

Bwana Hemedi yu hai, yuko Kigamboni. Kila Idi hunitumia sahani, na wajukuu wake wananijua kama yule fundi aliyemwokoa mama wa babu yao asiingie majini. Nimevuka kwenda kwake kwa pantoni, na siku hizi kwa daraja, nikiwa na maneno tayari. Ananikaribisha, anawaita watoto waje kuniamkia, anaanza kuwasimulia upya, nami nakunywa chai yake, narudi na maneno yangu yote.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, akupe na watu wa kupita nyuma yako, na moyo wa kuwaruhusu. Akulinde na shukrani usiyoistahili. Na uniombee na mimi, maana Idi inakaribia, sahani itakuja, na Bwana Hemedi bado sijamwambia.