Wachezaji Ndani ya Chungu

Juzi mwanangu alinionyesha kadi zake za wachezaji wa mpira. Amezipanga kwenye faili lenye vifuko vya plastiki, kila mchezaji na kifuko chake, na nilipotaka kuitoa moja aliniambia nishike pembeni, nisiweke vidole usoni. Nikacheka. Kijana huyu hajui kwamba mama yake aliwahi kuwa mlinzi wa kadi kama hizo kule Kyela, na vidole ndivyo vilivyokuwa shida ndogo kuliko zote.

Kadi zetu zilitoka ndani ya bigijii zilizokuwa zikivushwa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, mpakani. Kusema kweli zilikuwa za kaka yangu. Yeye ndiye aliyetafuna ubani ule mpaka taya zikauma, mimi nilikuwa msaidizi wake wa kupanga. Jioni, mpunga ukishaanuliwa, tulizitandaza mkekani. Kaka alipanga kwa timu. Mimi majina yale ya kigeni yalinishinda, nikapanga kwa sura: wanaocheka huku, waliokasirika kule, na mmoja mwenye paji pana kama la katekista wetu nikamweka mbele peke yake. Tulibishana mpaka bibi akatufukuza tukachote maji.

Kisha kaka akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali. Tranka la bati tulilokuwa tukihifadhia kadi likajazwa mashuka na sabuni, kadi zikatolewa, akanikabidhi mimi.

"Mdogo wangu, nikirudi likizo nizikute hivi hivi," alisema.

Nayo maneno yale niliyachukua kama kiapo. Niliamini kabisa kwamba zikiharibika, kaka hatakuwa na sababu ya kukaa tena na mimi mkekani.

Sasa, Kyela kutunza karatasi ni kazi. Panya wanafuata mpunga, mende wanafuata gundi, na mvua ikishashika hata chumvi inatoa maji ndani ya kopo. Nikatafuta chombo, macho yakaangukia chungu kipya cha bibi. Bibi alizaliwa Ikombe, kwa wafinyanzi, na mtumbwi wa vyungu ulipofika Matema ndugu zake hawakukosa kumletea kimoja. Hicho kilikuwa kizuri, chekundu, chenye michirizi shingoni, hakijaona moto wa jikoni. Nilikiona kisafi kuliko vyombo vyote vya nyumba ile. Nikafunga kadi mafungu mafungu kwa kamba za mgomba, nikazipanga ndani, nikafunika kwa sahani, nikakiweka chini kwenye kona, jirani na mtungi wa maji.

Masika ile mto ulifurika, kama kawaida yake. Maji yaliishia kizingitini, hayakuingia ndani, nami nikajisifu moyoni. Kumbe sakafu yetu ya udongo ilikuwa imelowa, na chungu kikawa kinanyonya taratibu. Nilipofunua, kadi za chini zilikuwa zimegandana kama chapati za jana. Nililia kwa sauti, bibi akaja mbio na mwiko mkononi.

"Mwana gwangu, chungu hiki bado kibichi," alisema akikigonga kwa kucha. "Hujakipikia uji, umekiweka kwenye sakafu ya maji, ulitaka kisinywe?"

Mtoto yeyote wa Ikombe angejua hilo. Mimi nilikulia kwenye kokoa na mpunga, ya vyungu sikuyajua. Chungu kipya hupikiwa kwanza uji mzito wa pumba, vitundu vyake vikaziba, ndipo kinaaminika. Bibi alizibandua kadi moja moja kwa mvuke wa sufuria, akazianika kwenye uchanja juu ya moto, pembeni ya dagaa wake wa usipa. Akapika ule uji, akakausha chungu, kadi zikarudi ndani, kikaning'inizwa kwenye boriti la jikoni. Waliopona walinuka moshi na samaki. Yule wa paji la katekista alibaki na nusu ya uso.

"Ndaga, bibi," nilimshukuru. Lakini hofu haikuniisha. Nilikuwa nikijifunza maneno ya kumwomba kaka msamaha huku nikipepeta mchele.

Alirudi Juni, sauti imekuwa nzito. Hajamaliza hata kula, nikashusha chungu. Akachukua kadi mbili tatu, akazinusa, akacheka.

"Bado unazo tu? Chukua, mdogo wangu, zako hizo."

Akatoka kwenda uwanjani na wenzake. Niliumia, tena sana. Heri angegomba, ningejua pa kuanzia.

Siku hizi jiko lile la nyasi halipo, bibi hayupo, na bigijii zile sizioni dukani. Kadi zenyewe nadhani zilibaki tulipohama. Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yetu, nilimuuliza kaka kama anakikumbuka kile chungu. Hakikumbuki, wala kadi, wala mchezaji hata mmoja. Anachokumbuka, alisema, ni asubuhi aliyoondoka. Eti nililing'ang'ania tranka lake barabarani, basi linapiga honi, mpaka bibi akanibandua kidole kimoja kimoja, na yeye akalia njia nzima mpaka Tukuyu huku akijifanya ana mafua.

Mimi hilo silikumbuki hata kidogo. Tukabaki tunatazamana, watu wazima wawili, pilau ikipoa mikononi.