Alama Ambayo Yaya Hakunifundisha

Kwetu Bukavu yaya ni ndugu yako mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Msomaji wa Dar au Mombasa asije akadhani ninamzungumzia mlezi wa watoto. Huyu wangu ni mwanamume, na hatukuzaliwa tumbo moja. Tulikutana Durban, kanisani, wakati mimi nasuka nywele katika saluni moja ya mjini na yeye ana kazi ya ofisini karibu na bandari. Alipojua kwamba nilisoma hisabati kabla ya kukimbia nyumbani, alinicheka mbele za watu, kisha akanitafutia kazi hapohapo alipokuwa yeye. Kuanzia siku hiyo nikamwita yaya, naye akaniita petite, yaani mdogo wake.

Ofisi yenyewe ni ndogo, juu ya duka la matairi. Meli ikishusha makontena, yanapangwa moja juu ya jingine, na mteja ambaye kontena lake liko chini kabisa atasubiri mpaka ya juu yaondolewe. Kazi yetu ni kuwaambia madereva wa malori nani aende lini, wasipange foleni bure. Hesabu hiyo hufanywa na programu iliyoandikwa zamani na mtaalamu aliyekwisha kustaafu, na aliiandika kwa lugha ambayo hata vijana wa kompyuta wakiiona wanauliza kama ni Kichina. Haina maneno mengi. Ina alama. Alama moja inashika safu nzima ya namba kwa mkupuo, inaipanga, inaigeuza, inaikata, na mstari unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Yaya alifundishwa na yule mtaalamu, nami nikafundishwa na yaya. Kwa kuwa hatukujua majina ya alama, tulizibatiza wenyewe. Ile yenye kichwa cha duara na mkia tuliiita kijiko. Ile ya pembetatu iliyochomwa mstari katikati, inayopanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, tuliiita mwavuli. Ile ya pembetatu iliyogeuzwa chini juu, ambayo ndiyo mlango wa kihariri, dirisha la kuandikia, ikawa kikapu. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akaandika. Dereva mmoja alitusikia tukitajiana vijiko na miavuli akauliza tunafungua mgahawa lini.

Maagizo yakikusanywa na kupewa jina, yanakuwa funksheni. Unafungua kihariri, unaandika, unafunga dirisha, na hapo lugha inakagua. Isiporidhika inakataa, inakuandikia kwamba kuna kosa la ufafanuzi, basi. Haisemi kosa liko wapi. Yaya alinifundisha namna ya kulitafuta, na lazima niseme ukweli, alinifundisha vizuri. Anzia kichwani, alisema, kwenye mstari wa kwanza wenye jina, kwa sababu watu hukimbilia mwilini na ugonjwa uko kichwani. Tazama kama jina hilo halijachukuliwa na kitu kingine. Tazama kama hukutaja kitu kimoja mara mbili. Tazama mabano. Mwisho, tazama kama funksheni haijasimama katikati ya kazi, maana huwezi kumvua mtu shati akiwa bado anakimbia. Alipenda huo mfano, na mimi nilicheka kila aliporudia.

Nilipopata mchumba, nilihitaji mtu wa kukaa upande wangu. Baba yangu yuko hai, lakini yuko Bukavu, na pasipoti hana. Kwetu msichana haolewi kama kifurushi kisicho na mwenyewe. Lazima wawepo watu wa kupokea mahari, wa kukataa kidogo, wa kujifanya wamekasirika, kisha wa kukubali. Hapa ugenini, asiye na ndugu anaomba ndugu. Nilimwomba yaya, na mbele ya wageni wote, katika ukumbi wa kanisa huko Cato Manor, yeye ndiye aliyepokea kamba ya mbuzi. Yeye ndiye aliyepokea vitenge vya mama na suti ya baba, suti ya kijivu ambayo mume wangu aliihangaikia sana. Alisema ataitunza mpaka apatikane msafiri wa kuipeleka nyumbani. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka katika mkono wa mume wangu, akasema huyu ni damu yangu. Nililia mpaka wanja ukanichafulia kitenge.

Mwenye ofisi alikuja pia. Ni mzaliwa wa Durban, Mwislamu, babu zake walitoka upande wa Zanzibar, na Kiswahili chake kimebaki cha salamu na mzaha. Alisimama akatoa pongezi, akatania kwamba sasa ofisi ina vichwa viwili vinavyoijua programu, kwa hiyo kimoja kikiondoka haifungwi. Watu walicheka. Yaya alipiga makofi kuliko wote.

Baada ya harusi tuliendelea na masomo, ila tulianza kutumia laptopu yake. Alisema si vizuri kufanyia mazoezi kwenye mtambo wa kazi, nitakuja kuharibu siku moja wateja walie. Nikaona ni busara. Kila nilichoandika kuanzia hapo nilikiandika kwenye nakala yake ya programu, na kila tulipomaliza alifunga laptopu akaitia begini. Mwaka huu akapata kazi Johannesburg. Tulimfanyia maombi, tukampikia, nikamsindikiza mpaka kwenye rank ya Warwick, kituo cha teksi za abiria, nikamwekea chapati za njiani.

Hazikupita wiki nyingi bandari ikabadilisha orodha inazotutumia. Waliongeza safu moja, ya makontena ya baridi. Kitu kidogo. Funksheni yetu kubwa, ile tuliyoiita Panga, ilihitaji kurekebishwa mstari mmoja. Niliandika kikapu, nikaandika jina, nikabonyeza. Kosa la ufafanuzi.

Nilianzia kichwani kama nilivyofundishwa, lakini kichwa chenyewe sikukiona, kwa sababu dirisha halikufunguka kabisa. Nikatazama kama jina limechukuliwa. Lilikuwa lake mwenyewe. Nikatazama kama imesimama katikati ya kazi, nikasafisha kila kilichokuwa kinasubiri, nikajaribu tena. Kosa lilelile. Nikajaribu kuandika Panga mpya juu ya ile ya zamani, ikakataliwa. Nilijilaumu asubuhi nzima. Niliamini nimesahau jambo alilonifundisha, na nilikuwa tayari kumpigia simu kuomba radhi kwa ujinga wangu.

Halafu nikafungua maelezo ya kihariri, kurasa ambazo yaya alisema hazina haja, na nikakutana na alama ambayo hatukuwahi kuibatiza. Ni kikapu kilekile, ila kina wimbi dogo juu yake. Ukifunga funksheni kwa alama hiyo, unaitia kufuli. Itaendelea kufanya kazi, lakini hakuna atakayeiona ndani wala kuigusa tena. Ukijaribu kuifungua, jibu ni moja: kosa la ufafanuzi. Nilikaa nikiitazama ile alama. Hakuna alama nyingine katika ukurasa ule ambayo sikuijua.

Nilikwenda kwa mwenye ofisi nikamweleza. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake.

“My sister, ndugu yako alishaniambia,” alisema, kwa Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili. “Alisema ikikwama utashindwa, nimpigie yeye. Ataishika kutoka Joburg kwa mkataba. Meli ni Ijumaa. Kama huwezi, eish, mimi sina njia. Siwezi kulipa watu wawili kwa kazi moja.”

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Panga isipokubali orodha mpya kabla ya Ijumaa, kazi yangu inakwenda Johannesburg, na mimi narudi kwenye kiti cha saluni na ujauzito wa miezi sita.

Nilimpigia yaya nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nje, kelele za mashine za matairi chini yangu. Alipokea kwa furaha, akauliza hali ya tumbo. Nikamuuliza kwa nini alitia kufuli.

“Petite, tulia kwanza,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu. “Nilifunga siku ya mwisho, mbio mbio, juu batu basiiharibu.”

“Batu gani, yaya? Mu ofisi wenye kuijua tulikuwa weye na mie.”

Akasema hakuwa ananifikiria mimi, alikuwa anafikiria watakaoletwa baadaye, na kwamba neno la kuifungulia halipo, kufuli ile haina ufunguo. Hapo alisema kweli, nilikuwa nimeshasoma. Nilimwomba basi anitumie ile nakala ya laptopu. Akasema laptopu iliharibika. Akasema nisijisumbue, nimwachie yeye azungumze na mzee, yaani mwenye ofisi, na kwamba mtoto akizaliwa atashuka Durban kuja kumpokea, maana mjomba ni yeye. Nikasema sawa. Hasira ilinipanda, lakini nilitaka kumwamini. Mtu akiondoka huwa na haraka, nilijiambia, na haraka humfanya mtu kuwa mchoyo bila kukusudia.

Nilirudi kwenye kiti nikafumba macho. Kwaya yetu ya kanisani haina vitabu vya nyimbo, tunashika kwa kusikia, na Panga niliishika vivyo hivyo. Nilianza kuisoma kwa sauti kutoka kulia, kama alivyokuwa akinisomea yeye: kijiko, safu, mwavuli, rudisha, geuza. Nilipokwama nilirudi mwanzo wa mstari nikapita tena kwa mwendo ule ule, na mkono ukakumbuka. Msichana wa mapokezi alichungulia akauliza kama ninasali. Nikamwambia ndiyo.

Niliiita Panga2. Nilipoifunga, ikakataa: kosa la ufafanuzi. Safari hii niliona kichwa, na ugonjwa ulikuwa hapohapo, jina moja nimelitaja mara mbili. Nikalitoa. Ikakataa tena, bano halikufungwa. Nikalifunga. Ikakataa tena, jina la hatua moja lilikuwa limeshachukuliwa na safu ya uzito. Nikalibadilisha. Kisha dirisha likajifunga kimya, bila neno, na katika lugha ile kimya ndiyo pongezi.

Ile ya zamani sikuweza kuiona ndani, lakini ilikuwa bado inafanya kazi, basi nikaifanya shahidi. Nilichukua orodha za zamani nikazipitisha kwenye Panga ya kufuli na kwenye ya kwangu, nikalinganisha. Mahali pawili hazikukubaliana, na pote pawili kosa lilikuwa langu. Nikarekebisha mpaka zikatoa jibu moja. Hapo ndipo nilipoongeza safu ya makontena ya baridi. Ijumaa meli ilipoingia, madereva walipata zamu zao kabla ya chai, na mwenye ofisi akaweka kichwa mlangoni akasema “sharp, sister,” akaenda zake. Kwa watu wa Durban hiyo ni kusema safi, nikajua kazi imebaki kwangu.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini katika zile kurasa za maelezo nilikuwa nimesoma jambo jingine. Lugha ile huandika pembeni siku na saa ambayo kila funksheni ilifungwa mara ya mwisho, na jina la aliyeifunga. Kufuli haifichi hilo. Nilitaka tu kuona haraka yake ya siku ya mwisho, niicheke, nimsamehe, tuendelee kuwa ndugu. Niliuliza tarehe ya Panga.

Haikuwa siku ya mwisho, wala mwaka huu. Ilikuwa Jumatatu baada ya harusi yangu, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu ile ninaikumbuka vizuri. Mume wangu alitaka nibaki nyumbani, mimi nikakataa kwa sababu nilitaka kumpelekea yaya sombe, yaani kisamvu, na samaki wa harusi tuliomwekea. Nilipofika alikuwa amevaa suti ya baba. Tulimtania ofisi nzima. Alisema anaipasha moto tu isije ikaliwa na nondo kabla msafiri hajapatikana, akageuka ili tuone mgongo ulivyomkaa. Mimi nikaenda jikoni kumpashia chakula. Aliposikia mlango wa maikrowevu lazima alijua ana dakika chache. Nilirudi na sahani mikononi, akaniondolea karatasi mezani nipate pa kuiweka, akaniambia Mungu akubariki petite, akala akamaliza. Kufuli ilikuwa imeshaingia. Na baada ya hapo, miezi yote ile, alikaa karibu yangu akinifundisha kwa uvumilivu kufungua mlango wa kuchezea.

Msafiri hakupatikana hata mara moja, ingawa wa Bukavu walikwenda na kurudi.

Jumamosi aliniandikia. Mzee alikuwa amemwambia kwamba mkataba hautahitajika. Aliandika kwamba anajivunia mimi, kwamba alijua nitaweza, na akauliza mtoto ataitwa nani, maana kwa mila mjomba lazima aambiwe kwanza.

Niliandika maneno mengi nikayafuta. Mwishowe nikamtumia ile tarehe ya Jumatatu, na chini yake mstari mmoja: “Suti ya baba uitume Bukavu. Yeye ndiye atakayeambiwa jina.”

Niliona ameusoma.