Eda ya Bibi wa Kitabuni

Dorcas alikuwa mkunja karatasi. Karatasi kubwa ilikuja kutoka kwa wapiga chapa, kurasa zimelala ovyo, nyingine kichwa chini, naye huikunja mara tatu, akaibana kwa kipande cha mfupa, ikawa kurasa kumi na sita zinazofuatana. Wanawake arobaini walikaa chumba kimoja, jirani na kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo pale London, kutwa nzima wakikunja riwaya.

Kusoma kulipigwa marufuku. Msimamizi, Bwana Tranter, alisema mkono unaosoma haukunji. Ebo! Kana kwamba macho yana kufuli. Dorcas alisoma tangu siku ya kwanza, kipande leo, kipande kesho, mwisho kabla ya mwanzo, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani.

Basi Jumanne moja ya mwezi Machi, mwaka 1867, mkono ukasimama. Juzuu ya pili, ukurasa wa 113. Palikuwa na Mhindi mwenye nyumba ya kulaza mabaharia huko Shadwell, mtaa wa bandarini, nyuma ya kiwanda cha kamba. Amevaa kofia ya kijani. Mkono wa kushoto una vidole vitatu. Anamenya vitunguu huku akiimba puani. Jina lake Asgor Ulla.

Baba yake Dorcas aliitwa Asgar Ulla. Serahangi wa zamani, yaani mkuu wa mabaharia melini, Mbengali, vidole viwili vilikwenda na mnyororo wa nanga. Kofia ile alishonewa na marehemu mkewe, Hannah, mama yake Dorcas, mzaliwa wa Shadwell hiyo hiyo.

Ila huyo wa kitabuni alikuwa shetani. Alimpiga mkewe Mwingereza hadi akafa, na sasa anataka kumuuza bintiye kwa nahodha mlevi. Kwa bahati anaingia mjane tajiri, Bibi Ermina, na mwavuli wake na utepe wake wa zambarau, amwokoe mtoto.

"Shoga, vipi? Umekuwa mweupe kama ukuta," akasema Tabitha, aliyekaa naye meza moja.

"Huyu ni baba yangu."

"Nani? Huyo muuaji?" Tabitha aliwahi kula kwa mzee Asgar. "We! Mzee anayelia akichinja kuku?"

Dorcas alimjua mwandishi bila kulitazama jina. Bibi Aske. Majira ya baridi yaliyopita alikuja Shadwell mara tatu, akaketi kando ya jiko la mzee pamoja na mabaharia waliotupwa bandarini bila meli. Alikula wali na dengu, akaomba aongezwe, akaandika katika kidaftari. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mzee alimweleza kila kitu, hata wimbo alimfundisha. Tangu siku hiyo amekuwa akiwatambia watu: "Kitabu kinakuja. Bibi mkubwa ametuandika. Kikitoka Dorcas atanisomea, nanyi mtasikia." Kiingereza alikisema vizuri, ila kukisoma hakuweza. Alimngoja binti yake.

Na hicho ndicho kilichomkaba Dorcas. Kitabu kitatoka, na baba atasema: nisomee.

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku, akatembea kwa miguu hadi nyumba ya Bibi Aske.

"Lo, binti wa Asgar!" Bibi alimpokea kwa mikono miwili. "Baba hajambo? Ule wali wake bado nauota."

"Hajambo, mama. Nimesoma ukurasa wa mia na kumi na tatu."

"Umefika huko? Unauonaje?"

"Naona umemuua mama yangu."

Bibi alicheka kidogo, cheko la huruma. "Huyo si mama yako, mpenzi. Ni hadithi tu. Hata jina nimebadilisha."

"Umebadilisha herufi moja."

"Sasa sikiliza. Wanaoazima vitabu maktabani hawawezi kusoma juzuu tatu za Mhindi anayepika dengu. Lazima awepo mtu mbaya. Ulitaka nimweke nani? Mchungaji?"

"Mama alikufa kwa kipindupindu. Mtaa mzima ulikimbia. Baba alimfulia mashuka kwa mikono yake mwenyewe, akamlisha uji kwa kijiko mpaka dakika ya mwisho. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa."

Macho ya Bibi Aske yakajaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, ndiyo maana nasema mtu yule anatia kichefuchefu. "Mashuka!" akasema. "Mbona hukuniambia mapema? Ningempa yule daktari wangu wa juzuu ya tatu ayafue."

Dorcas aliuma meno. Angeweza kumtukana, na matusi ya Shadwell ni matusi kweli, lakini alikuja kuomba. "Mama, hujachelewa. Kuna desturi kiwandani. Karatasi ikiwa na kosa hukatwa, ikachapwa nyingine, ikabandikwa palepale, msomaji hajui. Badilisha ukurasa huo mmoja tu. Mwache awe mbaya ukitaka, lakini asiwe baba yangu. Nitazikata mwenyewe, zote, bila malipo."

"Nitazungumza na mchapishaji," Bibi alisema, akampigapiga mkono. "Nakuahidi."

Wiki ikapita. Kisha asubuhi moja Bwana Tranter akaja na furushi, akalibwaga mezani. "Juzuu ya pili, ukurasa wa 113. Kateni, mbandike. Na haraka, maktaba zinangoja."

Dorcas aliruka kutoka kitini. "Tabitha! Amebadilisha! Kumbe ana utu!"

"Si nilikwambia? Wenye pesa nao huona haya, ila huchelewa."

Aliweka karatasi mbili sambamba, ya zamani na mpya, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Kofia ya kijani, ipo. Vidole vitatu, vipo. Asgor Ulla, yupo. Mke na magumi, wapo. Akageuza nyuma, akarudia tena, labda jicho limemdanganya. Halikumdanganya. Lilibadilika jambo moja tu. Utepe wa Bibi Ermina ulikuwa wa zambarau. Sasa ulikuwa mweusi.

"Bwana Tranter," aliita. "Kosa lilikuwa nini?"

"Utepe. Mke wa askofu mmoja alisoma nakala za mwanzo, karibu azimie. Mjane hajatimiza hata mwaka tangu afiwe, avae zambarau? Ingekuwa aibu ya mji mzima."

Haya, nisaidieni jamani. Mwanamke asiyekuwepo, aliyefiwa na mume asiyekuwepo, alilindiwa eda yake. Mashine ziliwashwa, karatasi ikanunuliwa, wanawake arobaini wakapewa visu, kwa ajili ya utepe. Hannah Ulla, aliyezaliwa, akaolewa, akazaa, akazikwa, huyo hakustahili hata nukta. Mnyonge hana haki, tumeambiwa tangu utotoni, lakini siku hiyo Dorcas aliiona haki yenyewe mezani, imefungwa furushi, imepelekwa kwa mtu wa uongo.

"Mimi sibandiki," akasema.

"Unasemaje?"

"Umesikia. Uongo huu ni wa nyumbani kwangu. Siugandishi kwa gundi."

"Ukitoka mlango ule usirudi, Dorcas. Nina wasichana ishirini wanaongoja pale chini."

"Wape mfupa wangu, basi!" Akautupa mezani, akachukua karatasi moja mpya, akaikunja, akaitia kifuani, akatoka. Tabitha, mwenye watoto wanne, alitazama chini, akashika kisu, akaanza kukata. Simlaumu. Nakala zote zilibandikwa kabla ya Jumamosi.

Jumamosi yenyewe, baada ya chakula cha mchana, mzee Asgar aliiona karatasi mkononi mwa binti yake.

"Kimetoka!" Akapiga makofi, akawaita mabaharia sita waliokuwa wakiota moto. "Njooni! Nisomee, mwanangu. Hawa Kiingereza chao cha kuomba chai tu. Wewe soma, mimi nitawafasiria."

Angeweza kubuni. Maneno matamu alikuwa nayo tele, na nani angejua? Lakini alikwishakataa kubandika uongo kwa mshahara. Hakuona kwa nini aubandike bure, tena kwa baba yake. Mwaka ungepita, baharia mmoja angejua kusoma, na mzee angeumbuka mbele za watu. Akasoma kilichoandikwa.

Kofia ya kijani: mzee alifasiri kwa Kibengali, mabaharia wakacheka, wakamvuta kofia. Vidole vitatu: akauinua mkono, wakashangilia. Vitunguu na wimbo: wakauimba wote. Kisha Dorcas akasoma sentensi ya mke na magumi, mpaka mwisho, hakuruka neno.

Mzee alifungua kinywa afasiri. Kikabaki wazi.

"Anasema nini, serahangi?" akauliza mmoja, bado anacheka.

Mzee aligeuka. Alimwangalia binti yake. "Hivyo ndivyo alivyoandika? Juu ya Hannah?"

"Ndiyo, baba."

"Na Kiingereza chake ni kizuri?"

"Kizuri, baba. Kizuri sana."

"Basi wasomaji wake wataamini," akasema, akawageukia mabaharia, waliokuwa bado wanaingoja sentensi yao.